Dawa ninayoitafiti iko kwenye friji, na dada yangu anaiomba

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika chuo kimoja hapa nchini. Ninatafiti chembe ndogo sana za kubebea dawa ya saratani, zile zinazopimwa kwa nanomita. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa mtu una unene wa karibu nanomita 80,000, na chembe zangu zina wastani wa nanomita 140. Nazitengeneza kwa polima iitwayo PLGA, ya jamii ya zile zinazotumika kwenye nyuzi za kushonea vidonda ambazo huyeyuka zenyewe mwilini, na ndani yake napakia dawa iitwayo dositakseli. Nia ni dawa isizagae mwili mzima, ifike kwenye uvimbe zaidi kuliko kwingine.

Nakuandikia kwa sababu ya dada yangu mkubwa. Baba alipofariki nilikuwa kidato cha pili. Dada alikuwa ameshaolewa, na alikuwa na shamba lake la miti ya mbao kule Njombe. Aliliuza ili nisiache shule. Miti ilikuwa haijakomaa, akaiuza kwa bei ya hasara. Hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Wengine wa nyumbani ndio wanaonikumbusha.

Miaka mitatu iliyopita aligundulika na saratani ya titi. Alifanyiwa upasuaji, akapewa dripu nyekundu, doksorubisini, halafu paklitakseli. Alipata nafuu hadi akarudi shambani. Mwaka huu ugonjwa umerudi, umeingia kwenye ini na kwenye mifupa ya mgongo. Kipimo cha moyo kimeonyesha moyo umedhoofu, na daktari amesema dripu nyekundu hawezi kuipata tena. Akamwambia pia kwamba matibabu yatakayofuata ni ya kupunguza kasi ya ugonjwa, hayatauondoa. Dada alitoka pale na hajarudi kliniki tangu siku hiyo. Anameza diklofenaki za dukani. Usiku halali, anakaa kitandani ameegemea ukuta, kwa sababu akijinyoosha mgongo unamchoma.

Alipokuja Dar kukaa nami kidogo, nilimpeleka maabara aone ninakofanyia kazi. Nilimwonyesha panya. Nilimwonyesha ninavyoupima uvimbe kwa kalipa, na kwenye kompyuta nikamwonyesha grafu: mstari wa panya wasiopewa dawa unapanda, wa panya waliopewa unashuka. Nilikuwa najivunia. Aliitazama grafu ile kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Hiyo dawa iliyobaki iko wapi?" Nikafungua friji, akaviona vichupa vyenye mwandiko wangu. Hakusema kitu. Usiku, tumeshazima taa, akaniambia: "Mdogo wangu, kama dawa imemponya panya, mimi nina thamani ndogo kuliko panya?"

Tangu hapo sina amani. Mama anapiga simu kila jioni. Anasema dada yako alikusomesha, sasa Mungu amekuwekea dawa mkononi na wewe unaificha. Shemeji hasemi kitu, na ukimya wake unaniumiza zaidi. Binamu yetu ni nesi kwenye zahanati. Ameshasema yuko tayari kuja kumchoma Dada nyumbani, mimi nilete dawa tu na nimtajie kiasi. Dada mwenyewe amesema ataandika karatasi kwamba ameomba kwa hiari yake. "Nife hivi hivi au nife nikijaribu. Nichagulie wewe."

Mshauri, naijua hii dawa kuliko mtu yeyote. Nimeitengeneza kwa mikono yangu. Panya wameivumilia vizuri, ukiacha toleo la Februari ambalo chembe zilishikana na baadhi ya panya wakafa, lile tulilitupa. Hesabu ya dozi kwa uzito wa Dada nimeshaipiga, nikaifuta, nikaipiga tena. Najua kanuni. Najua ikijulikana nitafukuzwa chuo na binamu atapoteza leseni. Lakini najiuliza, kanuni hizo ziliwekwa kwa ajili ya nani ikiwa mtu anakufa na dawa ipo? Mtoto wake wa kwanza anafanya mtihani wa darasa la saba Septemba. Dada anataka awepo.

Ijumaa nasafiri kwenda Njombe. Wote wananisubiri, na hakuna atakayeniuliza kingine zaidi ya nilichobeba.

Mdogo Mtu, Dar es Salaam


JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Kabla ya kukujibu nimekaa na daktari bingwa wa saratani na mfamasia ninaowaamini, maana barua yako ina mambo ambayo moyo mwema peke yake hautoshi kuyajibu. Nitakayosema kuhusu dawa nimeyapitia nao. Nitakayosema kuhusu wewe na Dada ni yangu mwenyewe.

Ninavyokuelewa, uko hivi. Mtu aliyekushika mkono ulipokuwa mdogo anaumwa ugonjwa ule ule unaoutafiti. Ukikataa ombi lake utaonekana umemnyima, ukikubali unaweza kumdhuru kwa kitu kilichotoka mikononi mwako. Juu yake kuna deni ambalo Dada hajalidai, lakini wengine wanakudai kwa niaba yake. Na una siku chache tu. Ni mzigo mzito, na hukuutafuta. Kumwonyesha ndugu yako kazi unayoipenda ni jambo la kawaida kabisa, usijilaumu kwa hilo.

Sitakuamulia. Ila kuna sentensi ulizoziandika kana kwamba zimeshathibitika, nami ningependa tuzisome tena pamoja.

Nianze na ile ya Dada kuhusu panya, kwa sababu nadhani ndiyo inayokunyima usingizi. Je, ulimwambia panya wale wako wapi sasa? Nyote wawili mnaiongelea grafu kama habari ya kupona. Lakini katika utafiti wa namna hii, mstari huwa unaishia mahali fulani kwa sababu siku hiyo panya wanauawa, wanapasuliwa, ini na figo na mapafu yao yanakatwa vipande na kutazamwa kwa darubini. Hakuna aliyemponya panya. Alitumika ili tujue kitu, na kilichojulikana ni kwamba uvimbe uliopandikizwa chini ya ngozi ulipungua kwa wiki chache katika mnyama mwenye uzito wa gramu ishirini na kitu. Baada ya hapo angeishi muda gani, na angeishi katika hali gani, grafu haisemi. Dada aliuliza kama ana thamani ndogo kuliko panya. Utaratibu wote huu unaokubana upo kwa sababu thamani yake ni kubwa mno kuliko ya panya, kiasi kwamba hairuhusiwi kumfanyia aliyofanyiwa panya. Sijui kama atalipokea hilo. Lakini nahisi hajawahi kuelezwa, na anastahili kuelezwa na wewe.

Umesema unaijua dawa hii kuliko mtu yeyote. Nakubali, unaijua ikiwa ndani ya panya. Toleo la Februari umelitaja kwa sentensi moja ukapita, lakini mimi nilisimama hapo, na mfamasia naye alisimama hapo hapo. Chembe za nanomita 140 zikishikana zinakuwa madonge, na mishipa myembamba kabisa ya damu kwenye mapafu ina upana wa maikromita chache tu (maikromita moja ni nanomita elfu moja). Dawa za kiwandani za aina hii hupimwa toleo kwa toleo: ukubwa, usafi, kiasi cha dawa kilichomo, kasi ya dawa kutoka nje ya chembe. Lisilolingana haliondoki kiwandani. Ninyi mlitambua ubaya wa toleo lile wakati panya wameshakufa. Je, kichupa kilichoko kwenye friji leo, utajuaje kabla ya kukichoma kwamba hakijaanza kuwa kama kile? Na baada ya kusafirishwa kwa basi kutoka Dar hadi Njombe, na barafu iliyoyeyuka njiani?

Kuna jingine ambalo huenda unalijua kwa jina tu kwa kuwa halijakusumbua: endotoksini. Ni mabaki ya kuta za bakteria. Bakteria wenyewe wakiuawa kwa joto, yenyewe hubaki, kwenye glasi, kwenye maji, kwenye malighafi. Marekani, mwaka 2004, ilianzishwa maabara maalumu chini ya Taasisi ya Taifa ya Saratani, ya kupima chembe za nano zinazoletwa na watafiti kabla hazijamfikia binadamu. Tatizo ambalo wamelikuta mara kwa mara ni hilo hilo, endotoksini ndani ya sampuli ambazo wenyewe waliamini ni safi. Ubaya ni kwamba panya huivumilia kwa viwango ambavyo kwa binadamu ni hatari kubwa. Kichupa kilichomwacha panya akitafuna chakula chake kinaweza kumtia mtu homa kali, kikamshusha presha na kumwangusha. Na Dada ana moyo uliodhoofu. Nyumbani, usiku, binamu yako akiwa na sindano na kitambaa cha pamba, mtafanya nini?

Bado sijaitaja dositakseli yenyewe. Hata ile ya kawaida ya hospitali haitolewi kabla ya kupima damu kuona ini linafanyaje kazi, kwa sababu ini ndilo linaloiondoa mwilini. Baada ya sindano, chembe nyeupe za damu hushuka, na mgonjwa akipata homa katika siku hizo hukimbizwa hospitali. Ini la Dada limeingiliwa na ugonjwa. Hesabu uliyoipiga, ukaifuta, ukaipiga tena, nadhani mkono wako ulikuwa unaijua kasoro yake: uzito wa mwili unaujua, hali ya ini huijui.

Kuhusu chembe kwenda moja kwa moja kwenye uvimbe, nitagusa kidogo kwa kuwa wewe unalijua vizuri kuliko mimi. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto lilikusanya tafiti za miaka kumi, likatazama ni kiasi gani cha chembe zilizochomwa kwa panya hufika kwenye uvimbe. Kiwango cha kati kilikuwa asilimia 0.7. Sehemu kubwa ya chembe hizi hunaswa na ini na wengu. Wewe unapoandika "zaidi kuliko kwingine" unaelewa una maana gani. Dada anaposikia maneno hayo anaelewa kingine kabisa.

Nadhani unakifahamu pia kisa cha BIND Therapeutics ya Cambridge, Massachusetts, kampuni iliyoanzishwa na Robert Langer na Omid Farokhzad. Walikuwa na chembe za polima zilizobeba dositakseli, karibu ndugu wa hizo zako. Mwaka 2012 walichapisha matokeo mazuri ya wanyama na ya wagonjwa wa kwanza, na watu wengi wakapata matumaini. Majaribio yaliyofuata kwa wagonjwa hayakufikia kilichotarajiwa, na mwaka 2016 kampuni ikafilisika, mali zake zikanunuliwa na Pfizer. Hawa walikuwa na fedha, kiwanda na hospitali nyuma yao.

Sikusimulii haya ili uichukie fani yako. Fani hii imeshawafikia watu wa kwetu bila wao kujua. Mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka cha malaria kwa kawaida ni chembe za dhahabu za ukubwa wa nanomita. Chanjo ya Uviko ya Pfizer ilibebwa na chembe za mafuta za ukubwa huo huo. Na ipo doksorubisini iliyofungwa ndani ya liposomu, yaani vifuko vidogo sana vya mafuta, inayojulikana kwa jina la Doxil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, kwanza kwa wagonjwa wa Ukimwi wenye saratani ya Kaposi. Lakini tazama ilivyofika hapo. Liposomu zilielezwa na Alec Bangham huko Uingereza miaka ya 1960. Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon, kule Jerusalem, walijaribu toleo la awali kwa wagonjwa mwishoni mwa miaka ya 1980, likawaangusha: ini lililinasa na dawa ikavuja kabla ya kufika. Kwa kuwa kila mgonjwa alifuatiliwa na kila kipimo kiliandikwa, walijua limeshindwa wapi, wakarudi mezani na kuliunda upya. Uliuliza kanuni ziliwekwa kwa ajili ya nani. Ukimchoma Dada kisiri na hali ikawa mbaya, hamtajua ni dawa, ni endotoksini, au ni ugonjwa wenyewe. Ikawa nzuri, hamtajua vilevile, na mgonjwa anayefuata hatanufaika na chochote.

Na ile karatasi ya hiari. Naiheshimu nia ya Dada ya kutaka kukulinda. Hata hivyo nimekumbuka habari ya Andemariam Beyene, kijana wa Eritrea aliyekuwa akisoma Iceland. Alikuwa na uvimbe kwenye bomba la hewa. Juni 2011, katika hospitali ya Karolinska, Sweden, aliwekewa bomba la kutengenezwa, la polima yenye chembe za nano iliyoundwa London, likapandwa seli zake mwenyewe. Lilitangazwa duniani kote kama mwanzo wa zama mpya za kujenga viungo. Halikuwa limepita kwenye majaribio ya kutosha kwa wanyama. Beyene alifariki Januari 2014 baada ya mateso marefu, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu daktari wake, Paolo Macchiarini, kifungo cha miaka miwili na nusu kwa aliyowafanyia wagonjwa watatu. Wewe si Macchiarini, na nia zenu hazifanani hata kidogo. Nakitaja kisa hiki kwa jambo moja: mgonjwa alikubali, na kukubali kwake hakukuligeuza bomba lile kuwa tiba.

Sasa niseme la kwangu. Dada amekupa milango miwili, kufa hivi hivi au kufa akijaribu. Nimeisoma barua yako nikitafuta ni wapi milango mingine ilifungwa, nikaona ilifungwa siku aliyotoka kliniki bila kurudi. Alisikia "hayatauondoa ugonjwa", akaelewa "hakuna kitu". Daktari hakusema hivyo, kwa jinsi ulivyoniandikia. Alisema yapo matibabu ya kupunguza kasi.

Kilichonigusa kuliko vichupa ni ule ukuta anaouegemea usiku. Mtu asiyelala kwa maumivu huwa tayari kwa sindano yoyote, hata ya maji. Maumivu ya saratani ya mifupa yana tiba, leo, hapa nchini. Ipo morfini ya maji ya kunywa, inayotolewa katika huduma za tiba shufaa, zile za kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road hapo Dar ikiwemo. Ipo tiba ya mionzi; kwa mifupa inayouma, mara nyingi kikao kimoja tu huleta nafuu kubwa, na mionzi inapatikana Ocean Road na hospitali ya Bugando, Mwanza. Diklofenaki kwa mtu mwenye moyo dhaifu ni hatari yenyewe, daktari niliyekaa naye alitikisa kichwa alipolisikia hilo. Na amenisisitizia nikuandikie hivi kwa uwazi: saratani ikiwa kwenye uti wa mgongo, mgonjwa akianza kuhisi miguu inakufa ganzi au inalegea, au mkojo au choo kikimshinda, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo. Asisubiri Ijumaa wala Jumatatu.

Umeniandikia ukubwa wa chembe zako, lakini hukuniandikia majibu ya vipimo vya uvimbe wa Dada. Je, ulikuwa na vipokezi vya homoni? Ulipimwa HER2, ile protini inayochochea baadhi ya saratani za titi kukua? Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama vipo vidonge vya homoni au dawa kama trastuzumabi vinavyoweza kufaa, japo trastuzumabi nayo huangaliwa sana kwa upande wa moyo. Zipo pia dawa kama kapesitabini, ya vidonge. Na ukitaka kuuliza habari za nano, uliza zile ambazo tayari ni dawa: hiyo doksorubisini ya liposomu, ambayo inaudhuru moyo kwa kiasi kidogo kuliko ile dripu nyekundu, na paklitakseli iliyofungwa kwenye albumini, protini ya damu. Sisemi zitamfaa. Moyo wake umeshaumia, ni ghali, na huenda daktari akasema hapana kwa sababu nzuri. Ila hilo ni swali ambalo wewe, katika ukoo wenu mzima, ndiye unayeweza kuliuliza na kulielewa jibu lake. Uliza pia kama kuna utafiti wa majaribio anaoweza kuingizwa. Utafiti wa kweli hapa kwetu una kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na kwa kawaida mgonjwa halipii dawa inayojaribiwa.

Najua njia hii nayo ina hatari zake. Unaweza kumrudisha kliniki na bado ugonjwa ukaenda mbio. Huenda Septemba isifike. Mama anaweza kukaa miezi mingi bila kukusemesha, na msibani mtu anaweza kutamka maneno utakayoyabeba miaka. Siwezi kukuahidi kwamba ukikataa utakuwa na amani. Ukikubali, hatari ni zile nilizozitaja, pamoja na binamu yako, ambaye nadhani anaiona kama sindano ya kawaida tu. Je, ameelezwa yaliyotokea Februari? Na kama kuna atakayekunong'oneza ubebe maji ya chumvi umwambie Dada ndiyo dawa, ili aridhike, pima hilo kwa uangalifu mkubwa. Atakuuliza dozi ya pili. Na ataishi siku zake zilizobaki akiamini kitu ambacho wewe peke yako unajua ni uongo, wakati wewe ndiye mtu anayemwamini kuliko wote.

Kuhusu deni la miti. Mama anasema Dada alikusomesha, kwa hiyo leta dawa. Nashangaa kidogo, kwa upendo, kwamba nawe umeikubali hesabu hiyo bila kuihoji. Alikusomesha usome. Elimu hiyo inakuwezesha kusoma faili lake na kumuuliza daktari maswali ambayo Shemeji asingejua hata pa kuanzia, kisha ukawaeleza nyumbani kwa lugha yao. Huenda Mama haujui uzito wa kazi hiyo kwa sababu hajawahi kuiona. Na Shemeji, kabla hujautafsiri ukimya wake kuwa lawama, hebu mkae wawili mzungumze. Wanaume wengi wa kwetu wakinyamaza namna hiyo huwa wanaogopa.

Wala sidhani lazima ubebe haya peke yako upande wa chuo. Ikiwa msimamizi wako ni mtu wa kuaminika, mwambie ndugu anaumwa na umeombwa dawa. Si kwa kujishtaki, hujafanya lolote. Ni vigumu mno kuendelea kufungua friji ile kila asubuhi huku mtu pekee anayejua kilichomo moyoni mwako ni mimi nisiyekuona.

Kwa kuwa siku ni chache, nikuombe ufanye moja hata kama mengine yote hujayaamua: kesho asubuhi piga simu au nenda kwenye kitengo cha tiba shufaa cha hospitali iliyomtibu, ukiwa na namba ya faili lake. Eleza maumivu, eleza moyo, eleza diklofenaki, na uulize ni hospitali gani karibu na Njombe inayoweza kumpa morfini, kwa sababu haiuzwi dukani, inahitaji cheti cha daktari. Ukichelewa hadi Ijumaa utakuta wikiendi, na Dada ataendelea kukaa macho hadi Jumatatu.